Shimesikio za kidijitali: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Tabora

Navaa shimesikio, vile vifaa vidogo vya kusaidia kusikia, masikio yote mawili. Nilikuwa seremala, na miaka mingi ya kupasua na kuranda mninga kwa mashine bila kuziba masikio ndiyo iliyonifikisha huku. Siku hizi nikienda sokoni au nikikaa barazani kule Isevya, watu wananivuta pembeni kuniuliza. Wengi wanauliza kwa ajili ya mama au baba, wachache kwa ajili yao wenyewe. Nimeandika hapa maswali yanayorudi kila mara. Mimi si daktari, na kupima masikio ni kazi ya wataalamu. Ninachoweza kueleza ni jinsi kifaa kinavyofanya kazi na maisha yanavyokuwa ukishakivaa.

Shimesikio ya kidijitali ina tofauti gani na zile za zamani?

Zile za zamani, za analojia, zilikuza kila kitu kwa pamoja: sauti ya mkeo, sahani zinazogongana, honi ya lori, vyote vinapanda juu. Wazee wengi walioapa kwamba hawatavaa tena waliumizwa na jambo hilo, na siwalaumu. Za kidijitali kamili ziliingia sokoni mwaka 1996, na leo karibu kila shimesikio mpya ni ya aina hiyo.

Tofauti ni kwamba hii ya kidijitali inageuza sauti kuwa namba kabla ya kuikuza. Maikrofoni, mara nyingi mbili, zinanasa sauti. Kuna kigeuzi kinachoipima sauti hiyo zaidi ya mara 16,000 kwa sekunde na kuiandika kwa namba. Chipu inazipigia hesabu namba hizo, kisha spika ndogo sana inazirudisha kuwa sauti ndani ya sikio lako. Safari nzima kwa kawaida haifiki milisekunde 10, ndiyo maana huoni mdomo wa mtu ukitangulia maneno yake.

Mbona nasikia mtu anaongea ila sielewi anasema nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ukilielewa umeelewa kazi ya shimesikio.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Kina vijiseli vyenye nywele, takriban 15,000 kila sikio, na vikifa havioti tena. Vilivyo karibu na mlango wa konokono hushughulikia sauti nyembamba, na kwa wengi wetu ndivyo vinavyotangulia kufa, iwe kwa uzee au kwa kelele. Vya sauti nene hubaki vizima kwa muda mrefu.

Sasa sikiliza Kiswahili chenyewe. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ni nene na zina nguvu, kwa hiyo unazisikia. Konsonanti kama s, sh, f, t na k ni nyembamba na dhaifu, na sehemu kubwa ya sauti yake iko juu ya hezi 2,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Hizo ndizo zinazopotea. Muuzaji akikuambia "sitini" au "tisini", wewe unapata i-i-i tu. "Elfu sita" na "elfu tisa" zinalingana. Mtu akisema amefika, ameshika au amepika, lazima umtazame mdomo. Nimewahi kumlipa muuza asali elfu tisa akaninyooshea elfu tatu yangu, nikabaki nimeduwaa huku watu wakicheka. Siku ile ndipo nilipokubali kwenda kupimwa.

Ndiyo sababu kupiga kelele hakusaidii. Mtu akipaza sauti, irabu ndizo zinazopanda zaidi, yaani zile ambazo tayari unazisikia. Unachohitaji ni kuinuliwa zile nyembamba peke yake, kwa kipimo cha sikio lako.

Hapo ndipo chipu inapofanya kazi?

Ndiyo. Inaigawa sauti katika mafungu mengi, kuanzia nene hadi nyembamba, na kila fungu inaliongeza kwa kadiri sikio lako linavyopungukiwa. Mimi kwenye sauti nene inaniongezea kidogo tu. Kwenye s na sh inaongeza sana.

Kazi ya pili ni kubana. Mnong'ono una takriban desibeli 30 (kipimo cha ukubwa wa sauti), mazungumzo ya kawaida 60. Sikio lililoharibika linashindwa kusikia kilicho kidogo na papo hapo linaumia na kilicho kikubwa. Kwa hiyo chipu inainua sana sauti ndogo, inainua kiasi sauti ya wastani, na sauti kubwa inaiacha au inaizuia isivuke kiwango kilichowekwa. Mlango ukibamizwa, huruki kitini.

Halafu kuna kelele. Maikrofoni mbili zikilinganisha sauti ilivyozifikia, chipu inajua ipi inatoka mbele na ipi inatoka nyuma, na inaweza kupendelea ya mbele. Mngurumo usiobadilika, kama wa feni au jenereta, inautambua na kuupunguza. Ila niwe mkweli: harusini, muziki ukiwa juu na watu kumi wakiongea kwa pamoja, hakuna shimesikio itakayokufanya usikie kama kijana wa miaka ishirini. Kaa mgongo wako ukielekea ukuta, mtazame unayezungumza naye, ukae mbali na spika.

Naweza kununua zile za bei nafuu zinazouzwa madukani bila kupimwa?

Nyingi ya hizo ni vikuza sauti tu. Hazijui sikio lako linapungukiwa wapi, na nyingine hazina kikomo kizuri cha sauti ya juu, hivyo zinaweza kuharibu hata kile kilichobaki. Nakuomba kwa dhati usianze na hicho. Ukikivaa kikakuchosha, utaamini kwamba vifaa vyote viko hivyo, na utakaa miaka mingine mitano bila msaada.

Nianzie wapi?

Anzia hospitali. Kwa walio Tabora mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete. Ndugu zetu wa Kigoma wana Maweni. Walio Sikonge, Urambo au Kaliua waanze hospitali ya wilaya. Huko utaelekezwa kama vipimo vya usikivu vinapatikana hapo au unahitaji rufaa ya kwenda mbali zaidi, kama Bugando kule Mwanza au Muhimbili.

Kitu cha kwanza kinachoangaliwa ni kama sikio ni zima. Kuna watu waliokuja kwangu wakitaka shimesikio, kumbe sikio limeziba nta. Lilisafishwa wakarudi nyumbani wanasikia. Sikio linalotoa usaha nalo linatibiwa kwanza. Na tafadhali acha njiti za kiberiti na manyoya ya kuku. Yanasukuma nta ndani na yanaweza kutoboa kiwambo cha sikio.

Baada ya hapo unapimwa kwenye chumba tulivu, unasikilizishwa milio kutoka hezi 250 hadi 8,000, na matokeo yanachorwa kwenye karatasi inayoitwa odiogramu. Duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya bluu ni la kushoto. Itunze karatasi hiyo kama unavyotunza hati ya kiwanja. Ndiyo inayotumika kuipanga shimesikio yako, na miaka ikipita inaonyesha kama usikivu umeshuka.

Ukisikia ghafla sikio moja limekufa ndani ya saa chache au siku moja mbili, hiyo ni dharura. Usingoje wiki, nenda siku hiyohiyo.

Nikivaa nitasikia kama zamani?

Hapana, na anayekuambia ndiyo anataka hela yako. Miwani inakupa herufi zilezile siku ileile. Shimesikio inapeleka sauti kwenye sikio lililopungukiwa na vijiseli, na ubongo uliozoea ukimya unapaswa kujifunza upya.

Wiki yangu ya kwanza nilidhani kifaa ni kibovu. Fagio la mke wangu uani lilikuwa kama mtu anachana bati. Maji ya bomba yalipiga kelele, mfuko wa plastiki ulinikera, na sauti yangu mwenyewe ilivuma kama niko ndani ya pipa. Hivyo vyote vilikuwepo siku zote, mimi ndiye niliyekuwa nimevisahau. Nilianza na saa mbili tatu kwa siku, nyumbani, na mtu mmoja, kisha nikaongeza. Kufikia mwezi wa pili fagio lilirudi kuwa fagio. Asubuhi moja jirani akanipigia salamu ya "Mwangaluka" akiwa ng'ambo ya barabara, nikaitikia bila kugeuka. Alisimama. Nadhani alikuwa amezoea kunisalimia bila kutegemea jibu.

Ukivaa siku za sikukuu tu, ubongo hauzoei kamwe. Na lazima urudi kurekebishiwa. Mpangilio wa siku ya kwanza ni makadirio. Mwambie mtaalamu kwa maneno ya kawaida: "vijiko vinaniumiza", "sauti ya mwanangu haieleweki", "najisikia mwenyewe nikivuma". Anaiunganisha shimesikio na kompyuta, anabadilisha namba, unarudi nyumbani na kifaa kilekile kinachosikika tofauti. Shimesikio yangu ya kwanza nilikabidhiwa mahali fulani kwa dakika kumi, bila kurekebishwa wala kuambiwa nirudi, na nilikaa nayo mwaka mzima ikinitesa. Sitaki yakukute hayo.

Faida zake hasa ni zipi, ukiacha kusikia?

Uchovu unapungua. Mtu asiyesikia vizuri anakisia maneno kutwa nzima, na jioni kichwa kinakuwa kizito. Ugomvi wa nyumbani unapungua pia, maana nusu ya ugomvi wetu ilikuwa "nimekuambia" na "hujaniambia". Unarudi kwenye vikao. Wanaosumbuliwa na masikio kuvuma, wengi wanapata nafuu wakiwa wamevaa, kwa sababu sauti za nje zinaufunika ule mvumo.

Kuhusu kumbukumbu ya wazee, upungufu wa kusikia unahusishwa na ubongo kudhoofika. Utafiti mmoja wa Marekani uitwao ACHIEVE, uliochapishwa mwaka 2023, uliwafuatilia watu 977 wenye miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa kundi zima haukuonyesha tofauti kubwa kati ya waliopewa shimesikio na wasiopewa. Lakini kwa wale waliokuwa katika hatari zaidi ya kudhoofika ubongo, waliopewa shimesikio na ushauri, kudhoofika kulipungua kwa asilimia 48 kulinganisha na wenzao. Kwa hiyo siwezi kumwambia kila mzee kwamba zitamlinda kumbukumbu; naweza kumwambia kwamba kukaa kimya pembeni ya familia hakujamsaidia yeyote ninayemfahamu.

Moja inatosha au lazima mbili?

Kama masikio yote yamepungua, mbili. Ubongo unajua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Ukiwa na moja utasikia bodaboda inakuja usijue iko kulia au kushoto, na kwenye barabara zetu hilo ni jambo la uhai. Kama uwezo ni wa moja tu, vaa hiyo moja, usisubiri.

Betri inakaa muda gani, na mbona yangu inaisha haraka?

Nyingi zinatumia betri ndogo za zinki zinazovuta hewa. Saizi zinatambulika kwa rangi ya kibandiko: 10 ni njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Ndogo inaweza kukaa siku chache tu, kubwa inaweza kuvuka wiki mbili, kutegemea saa unazovaa na nguvu ya kifaa. Ukibandua kibandiko, hewa inaingia kwenye vitundu na betri inaanza kufanya kazi. Hata ukikirudisha, imeshaanza. Kwa hiyo usibandue mapema. Ukibandua, iache wazi kama dakika mbili kabla ya kuitia. Usiku fungua mlango wa betri. Betri za saa zinafanana nazo lakini sizo, usilazimishe.

Zikae mbali na watoto. Mtoto akimeza betri, mkimbize hospitali papo hapo, usingoje itoke yenyewe.

Kuna za kuchaji pia. Zinachajiwa kwa muda wa saa tatu hadi nne na kukaa siku nzima. Ni raha kwa mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka. Kijijini ambako umeme ni wa kubahatisha, hakikisha kwanza chaja inakubali sola au pawabenki, vinginevyo za kubadilisha betri bado ndizo ninazozishauri.

Vumbi la kiangazi, jasho na mvua?

Hao ndio maadui wa shimesikio hapa kwetu. Kuanzia Agosti vumbi linaziba maikrofoni. Ifute kila jioni kwa kitambaa laini kikavu na upige brashi ndogo. Usitumie maji wala spiriti kwenye kifaa chenyewe. Ile moldi, kile kiziba laini kilichochongwa kwa umbo la sikio lako, unaweza kuichomoa na kuiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, kisha uirudishe. Kimrija chake kikikakamaa na kuwa cha njano, kibadilishwe.

Masika, na kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika mwaka mzima, tatizo ni unyevu. Usiku ilaze kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Watu wanasema mchele. Mchele una unga, na unga unaingia kwenye maikrofoni. Na usiianike juani.

Navaa hijabu. Na wakati wa kutawadha?

Kitambaa chepesi hakina shida. Kizito au kinachobana husugua maikrofoni, unasikia mkwaruzo, na mara nyingine kifaa kinapiga mluzi. Chagua laini, funga kwa kulegeza kidogo kwenye masikio. Wakati wa kutawadha vua, weka kwenye kopo lake na si mfukoni, vaa ukishakausha masikio. Ukitaka kuvaa helmeti ya bodaboda, vua shimesikio kwanza. Barakoa nazo ziangalie: kamba ikitoka nyuma ya sikio inaondoka na shimesikio.

Inapiga mluzi. Imeharibika?

Mara nyingi haijaharibika. Sauti ya spika inavuja na kurudi kwenye maikrofoni. Angalia kama umeiingiza vizuri, kama sikio lina nta, au kama moldi imelegea. Alama nyekundu ni ya kulia, bluu ya kushoto, ukibadilisha hazikai.

Mtoto wangu hasikii, nimemchapa na bado hasikii.

Kaa hapa kidogo, mzazi mwenzangu. Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa mtoto mtukutu na kwa mtoto ambaye masikio yake hayafanyi kazi. Wote "hawasikii". Kuna watoto waliochapwa miaka kwa kutokutii amri ambazo hawakuwahi kuzisikia. Kama hashtuki kwa kelele, kama amechelewa kuongea, kama anaitika tu akikuona usoni, kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au kuchomwa sindano za muda mrefu za aina ya gentamisini, mpeleke akapimwe kabla hujachukua fimbo.

Na mpeleke mapema. Wataalamu wanataka mtoto aliyezaliwa na tatizo hili aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita, kwa sababu ubongo hujenga lugha miaka ya mwanzo. Ujue pia kwamba sikio la mtoto linakua, moldi itabidi itengenezwe upya mara kwa mara.

Shimesikio na lugha ya alama si maadui. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilianzishwa hapa hapa Tabora mwaka 1963, kwa hiyo mji huu hauna sababu ya kumwonea haya mtoto anayeongea kwa mikono. Mtoto ambaye usikivu wake umekwisha kabisa, shimesikio inaweza isimfae. Kwa baadhi yao kuna kifaa cha kupandikizwa kwa upasuaji, huduma ambayo Muhimbili iliianza mwaka 2017.

Watu watanicheka.

Walinicheka nikiwa sisikii, sijachekwa nikiwa nasikia. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na takriban milioni 430 wanahitaji huduma. Mzee wako akikataa, usimtupie ile methali ya sikio la kufa. Inakata tamaa mahali ambapo dawa ipo.

Ni bei gani?

Inaanzia laki kadhaa na kufika mamilioni kwa sikio moja. Kabla ya kulipa uliza: kipimo kimo ndani ya bei? Moldi je? Nitarudi kurekebishiwa mara ngapi bila malipo? Warantii miaka mingapi, na ikiharibika inatengenezwa wapi? Uliza na bima yako. Shimesikio ya bei ya kati yenye mtaalamu unayeweza kumfikia kwa basi ni bora kuliko ya ghali ambayo mtu wake yuko nje ya nchi.

Sisi wa nyumbani tufanye nini?

Mwite jina kwanza, akutazame, ndipo useme. Ongea polepole kidogo, si kwa kelele. Usiongee ukiwa jikoni yeye yuko sebuleni. Asipoelewa, badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale mara tatu. Bei na tarehe mwandikie. Na usimwambie "achana nayo, si muhimu". Neno hilo linauma kuliko uziwi.

Mama alipewa shimesikio miaka minne iliyopita, iko kabatini. Bado inafaa?

Huenda inafaa. Fungua mlango wa betri. Kama kuna unga mweupe, betri ilivuja. Toa betri, usikwangue kwa kisu. Kama ni safi, tia betri mpya ya saizi yake, ifumbate kiganjani. Ikipiga mluzi, iko hai. Usimvalishe papo hapo, kwa sababu masikio yake yamebadilika tangu siku ile na moldi huenda haimkai tena. Mpeleke apimwe upya, na ubebe kifaa chenyewe, kopo lake, na ile odiogramu ya zamani kama bado mnayo. Ikiwa ni ya kidijitali, inaweza kupangwa upya kwa vipimo vyake vya sasa.